Nikilowa Mara Kumi

9 Desemba

Lifti ya kuwavuta watoto mlimani wakateleze kwenye theluji imefunguliwa. Theluji ni haba, nyingine Eilev, dereva wa mashine ya theluji, ameikomba msituni, lakini watoto hawajali inatoka wapi. Huu ni msimu wangu wa ishirini na sita wa kusimama pale chini, kumshikisha kila mtoto kishikio chake, kumwambia akunje magoti na asikae, na kubonyeza kitufe chekundu cha kuisimamisha akianguka. Kibanda kina jiko na kiti kizuri. Ila watoto hawaangukii kibandani, kwa hiyo mimi nashinda nje.

Naandika hapa maneno ya daktari ili ikifika Pasaka nisijidai sikuyasikia. Alisema: "Mama Gunnvor, nimonia ya mwaka jana ilikuachilia kwa bahati tu. Ukianza tena kulowa na kukohoa, hiyo lifti uiage." Nilikubali kwa kichwa. Kwa moyo sijakubali. Nina miaka sitini na mmoja, na hakuna mahali pengine duniani ambapo watoto arobaini wananiita kwa jina.

12 Desemba

Oddleiv amefua. Tangu mume wangu astaafu mwezi wa kumi, baada ya miaka thelathini na sita ya kuendesha basi la bondeni, amenipokonya mashine ya kufulia na hataki niiguse. Amebandika ratiba mlangoni: shuka saa tatu, nguo nyeupe saa tano, nguo za kazi Jumamosi. Kila kitu kinatoka laini na kinanukia maua, hadi vitambaa vya kufutia meza. Sijamwambia, lakini napenda. Maisha yangu yote nimefua kwa sabuni ya unga na haraka.

15 Desemba

Mvua. Desemba, mlimani, mvua. Mama yangu alivaa koti la sufu kwa kazi zote za nje na hakulowa, kwa sababu siku zile baridi ilikuwa kavu, theluji unaikung'uta tu begani na kuendelea. Sasa yanashuka maji. Kufika saa sita jaketi lilikuwa zito, saa nane fulana ya ndani imenigandia mgongoni.

Jaketi lenyewe lina miaka kumi na mitatu. Lilikuwa jekundu. Mwaka jana lilivuja kidogo mabegani, lakini si kama leo, leo limekunywa maji lote zima. Oddleiv alinipokea mlangoni, akalichukua kwa vidole viwili, akasema kesho Jumamosi atalifua vizuri.

18 Desemba

Nimepita dukani kwa Tordis. Tulisoma darasa moja, kwa hiyo haniuzii vitu, ananipangia maisha.

"Vaa hili," akasema, akaniwekea mabegani jaketi la bluu iliyokoza.

Jepesi. Zipu chini ya kwapa za kuingiza hewa, kofia inayomeza helmeti nzima, mikono inayofika vidoleni. Tordis akachukua glasi ya maji akamwaga kwenye mkono wa jaketi. Maji yakakusanyika matone, yakabingirika hadi sakafuni, naye akayafuta kwa kiatu.

"Kiasi gani?"

"Usiulize bei kabla hujaona linavyokukaa."

"Tordis."

"Elfu nane na mia mbili."

Nikalivua. "Kroni elfu nane, kwa kitu cha kusimamia kwenye mvua?"

"Kwani dada, wewe unasimama kwingine wapi?"

Kwenye chakula nikamsimulia Oddleiv. Aliweka uma chini. "Elfu nane? Kwani jaketi ndilo litakalofanya kazi, wewe ukae? Jaketi ni jaketi, Mama Ingunn. Langu la kukatia kuni lina miaka kumi na sita na hujanisikia nikilalamika."

Alisema kwa sauti ya dereva anayemweleza abiria kwamba mlango wa nyuma haufunguki hapa. Nikakasirika, nikatoa sharti papo hapo: nikilowa mara kumi kabla ya Pasaka, nanunua, na asiniulize mtu. Mara moja imeshapita.

24 Desemba

Mbavu za kondoo za mkesha wa Krismasi. Binti yetu Ingunn amepiga simu kutoka Trondheim, kazi zimembana, atakuja Pasaka. Baba yake alivaa shati jeupe lililonyooka hadi likatoa mlio alipokaa.

28 Desemba

Mvua. Mara ya pili.

6 Januari

Mvua iliyochanganyika na theluji, ambayo ni mbaya kuliko zote mbili. Mara ya tatu. Eilev alishuka na mashine yake akiwa ndani ya jaketi lake la rangi ya chungwa, mkavu kabisa, ana miaka thelathini na nne na bado hajui kwamba atazeeka.

"Mama, nikuletee taulo au nikukamue tu?"

"Kamua jaketi lako, mwanangu, tuone kama litatoa kroni."

Akacheka. Halafu akanisimamia mahali pangu dakika ishirini nikaote moto, bila kuambiwa. Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la vijana wanaonunua vitu ili waonekane. Sijui tena.

14 Januari

Mbili mfululizo, jana na leo. Tano.

Oddleiv amelifua tena jana jioni na kulianika juu ya jiko, amelinyoosha kola kwa mkono. Tulipokuwa tunakunywa kahawa akasema, bila kuniangalia, "Kwa nini usikae tu nyumbani? Tungekuwa tunashinda wote."

Nikauliza tungeshinda tukifanya nini.

"Kuwepo," akasema.

Nikamjibu vibaya. Nilisema mimi sijastaafu, na kama yeye amekosa abiria wa kuwaambia wakae chini, asinigeuze mimi kuwa abiria. Alikwenda kukata kuni na hakurudi hadi giza. Sikuomba radhi. Naandika hapa kwamba ilinipasa.

19 Januari

Baridi kavu, anga safi. Nilisahau kabisa kwamba nina jaketi.

23 Januari

Mvua. Sita.

3 Februari

Saba. Kinachonishangaza ni kwamba kila mara linalowa mapema zaidi. Desemba lilivumilia hadi saa sita. Leo saa nne na nusu maji yalikuwa yameshafika kiwikoni. Nilidhani kitu kinachozeeka huzeeka polepole.

10 Februari

Nane. Wiki ya likizo ya shule, mstari wa watoto hadi kwenye maegesho, siwezi kukaa ndani hata dakika. Mtoto mmoja wa miaka mitano, Sunniva, aliyeanguka mara kumi na moja asubuhi, leo alifika juu kwa mara ya kwanza na kunipungia mkono kwa nguvu hadi akaanguka tena. Nilipiga kelele za furaha peke yangu kwenye mvua. Asubuhi nilipoamka nilikohoa.

Sikumwambia Oddleiv kuhusu kikohozi. Yeye amelifua jaketi.

13 Februari

Naandika polepole kwa sababu mkono una hasira.

Asubuhi nilikohoa tena, nikasema basi, sisubiri kumi. Nikaenda kwa Tordis kununua lile la bluu. Nililivua la kwangu nikaliweka mezani. Tordis alilishika ili aangalie saizi, kisha akasimama. Akalinusa.

"Gunnvor, hili mnalifulia nini?"

"Sabuni."

"Na nini tena? Linanuka kama mazishi."

Nikamwambia kuhusu maua. Chupa ya zambarau, dawa ya kulainishia nguo, Oddleiv anaipenda. Tordis akafumba macho.

"Dada yangu. Kitambaa cha nje kimetengenezwa kufukuza maji. Hiyo dawa inakilainisha mpaka kinayakaribisha. Mkilifua mara moja linaharibika kidogo. Mmelifua mara ngapi?"

Nikahesabu Jumamosi. Tisa.

"Nani anafua kwenu?"

Nililichukua jaketi langu nikatoka, hata la bluu sikuligusa.

Sasa niandike ninachofikiri, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Oddleiv ni mtu anayesoma maandishi ya mfuko wa unga. Kitabu cha mashine ya kufulia amekisoma chote, pamoja na kurasa za Kidenmaki. Mtu huyo anaweza kuwa hajui? Mwezi wa kwanza aliniomba nikae nyumbani, nikamtukana. Na kila nilipolowa, jaketi lilikwenda kwenye mashine, na kila lilipotoka, nililowa zaidi. Anajua daktari alisema nini. Alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu.

Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na minane. Naona aibu kuandika haya, lakini nimeyafikiri, na daftari hili si la kuandikia mazuri tu.

17 Februari

Jumamosi. Jaketi nimelificha kibandani, nimevaa sweta mbili. Kwa bahati theluji ilikuwa kavu.

"Jaketi lako liko wapi? Leo zamu yake," akauliza Oddleiv, amebeba kapu.

"Si chafu."

"Lakini ni Jumamosi."

"Nimesema si chafu, mzee."

Akasimama na kapu lake. Nilimtazama usoni nikitafuta mwizi, nikamwona mtu aliyenyoa vizuri asiye na pa kwenda. Hiyo haikunisaidia. Hata wezi hunyoa.

20 Februari

Hatuongei zaidi ya kupitishiana jibini.

24 Februari

Mvua tangu alfajiri, lifti imefungwa, mlima ni matope. Oddleiv alitoka na mbwa asubuhi, akachelewa. Kuni za jikoni zikaisha, nikaenda mwenyewe kwenye banda la kuni uani. Huwa siendi, banda ni ufalme wake.

Nyuma ya rundo la kuni, kwenye msumari, lilikuwa limetundikwa jaketi lake la kijani. Lilikuwa linadondosha maji. Chini yake kulikuwa na beseni, na beseni lilikuwa limejaa nusu, na pembeni kwenye kamba sweta mbili zake zimelowa, na soksi. Beseni haliwekwi kwa siku moja. Nilisogea nikainusa kola yake. Maua.

Alikuwa mlangoni, amevaa shati tu, mbwa kati ya miguu.

"Hilo limekaa huku tangu lini?" nikauliza.

"Linakauka."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Mbona hulianiki ndani pamoja na langu?"

Akaangalia kuni. "Nilisema jaketi ni jaketi. Ningeingia ndani nimelowa chepechepe, ungesemaje?"

"Ningecheka."

"Basi." Akamfuta mbwa masikio kwa muda mrefu. "Nikadhani ni mimi. Nikadhani mtu akistaafu hata mvua inamdharau."

Nikamwambia. Sikujua nitamwambiaje, ikatoka tu, chupa ya zambarau, kitambaa, Jumamosi tisa. Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Uso wake ulibadilika polepole, nikaona anazipitia Jumamosi moja moja.

"Ulikuwa unarudi umelowa," akasema, "nami nikasema angalau nimfulie vizuri. Mwezi wa kwanza nikaongeza."

"Ukaongeza nini?"

"Dawa. Vifuniko viwili."

Nilicheka. Nilicheka hadi kikohozi kikanishika, naye akasimama haraka kunisugua mgongo, na hapo nikasema lile jingine, kwa sababu nisingeweza kulala nalo tena. "Nilidhani unafanya makusudi. Ili niache lifti."

Mkono wake ukabaki mgongoni mwangu lakini ukaacha kusugua.

"Nilitaka uache," akasema. "Bado nataka. Lakini Gunnvor, miaka thelathini na sita sijawahi kumwacha abiria kwenye mvua. Hata walevi."

"Unasoma kila kitu. Lebo hukuisoma?"

"Niliitafuta. Kwa miwani na kwa tochi. Imefutika yote, nyeupe kabisa."

Nilichukua mkono wake wenye baridi nikauweka mfukoni mwangu. Tulirudi ndani na jaketi lake, tukalitundika juu ya jiko mahali panapoonekana. Nimeona haya na bado naona. Nilimtafutia ubaya mtu aliyekuwa analowa kama mimi, umbali wa hatua thelathini.

25 Februari

Nimeomba radhi kwa yale ya mwezi wa kwanza. Akasema yapi. Anakumbuka.

2 Machi

Tordis ametupa sabuni maalumu na maelekezo, na amekula kiapo hatasimulia mtu, kwa hiyo bonde zima litajua kufikia Alhamisi. Oddleiv alifua yote mawili mara mbili kwa maji matupu, mara mbili kwa sabuni, akayakausha kwa joto dogo akiwa amekaa mbele ya mashine na saa mkononi. Chupa ya zambarau ameipeleka mwenyewe kwenye taka.

Kisha tulisimama uani tumevaa, naye Oddleiv akatumwagia maji sote wawili kwa ndoo ya kumwagilia maua. Jirani alitoka kibarazani, akaangalia, akarudi ndani.

La kijani limepona, matone yalibingirika kama dukani. Langu limepona kifuani na mgongoni. Mabegani maji yaliingia. Mshono umechoka, na huo si wa kumlaumu mtu.

9 Machi

Kwa hiyo swali limebaki palepale. Kikohozi kimekwisha, daktari amesikiliza kifua na kunyamaza, ambayo kwake ni sifa. Tordis anasema lile la bluu litadumu miaka kumi likitunzwa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko bei. Miaka kumi ni ahadi. Je, nitasimama pale hadi sabini na mmoja? Na theluji je, itasimama? Tumefunga siku kumi na mbili msimu huu kwa ajili ya mvua. Labda nitanunua jaketi bora la maisha yangu kwa ajili ya mlima wa matope.

Halafu namkumbuka Sunniva akipunga mkono juu kule. Hakuna aliyemwambia theluji itakuwepo mwakani, na hata hivyo alianguka mara kumi na moja.

16 Machi

Mvua kubwa. Mabega, mikono ya juu, shingo. Tisa.

19 Machi

Tulikuwa tunamenya machungwa, ya kwanza ya Pasaka. Oddleiv akapanga maganda yake kwenye ukingo wa sahani.

"Kanunue," akasema.

Nilijua anasema nini ila nilitaka aseme yote. "Ninunue nini?"

"Lile la bluu."

"Bado mara moja. Sharti ni kumi."

"Ya kumi sitaki uifikie."

"Jaketi ni jaketi, ulisema."

"Nilisema." Akanisukumia kipande cha chungwa. "Sikutaki pale, Gunnvor. Nakutaka hapa. Lakini kama utakwenda, na najua utakwenda, basi uende ukiwa mkavu."

Nilikipokea. Nikamwambia linadumu miaka kumi, na ni miaka mingi ya yeye kushinda na mbwa. Akasema mbwa hamjibu vibaya. Kisha akaongeza, "Ila kufua ni kwangu. Hilo usiniondolee."

"Ni kwako," nikasema.

22 Machi

Nimelinunua. Tordis hakupunguza hata kroni moja, akanipa soksi. Nyumbani Oddleiv hakuniambia nilivae. Aliligeuza nje ndani, akatafuta lebo, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini kama anatangaza vituo. Alipofika pale panapokataza dawa ya kulainisha, alisimama. Akarudia mstari huo. Kisha akachukua kalamu na kuuandika kwenye ratiba yake ya mlangoni, kwa herufi kubwa, akaupigia mstari mara mbili.

1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Siku ya mwisho. Ingunn amekuja, amekaa kibandani na vafeli, vikate vitamu vya kuoka, ananirekebisha kila ninachofanya. Imenyesha tangu tulipofungua hadi tulipofunga, na bado watoto walikuja, na wengine walilia tulipozima injini. Saa saba niliona mtu anapanda kutoka maegesho taratibu, jaketi la kijani, mbwa mbele, chupa ya kahawa chini ya mkono. Hajawahi kupanda hadi huku siku ya kazi.

Alisimama pembeni yangu. Akatazama namna ninavyomshikisha mtoto kishikio, watano, sita, saba. Wa nane aliponyoka, naye Oddleiv akamdaka kwa kola akamwambia akunje magoti na asikae.

"Umejifunzia wapi?" nikauliza.

"Unaongea ndotoni," akasema, akaninusa begani. "Hakuna maua."

Akabaki hadi kufunga. Jioni aliyatundika majaketi yote mawili juu ya jiko, la kijani na la bluu, kwa mazoea tu. Sikulowa.